Dawa ya kunguni: Safari ya ua la pareto na neno linaloficha sumu

PITA katika soko lolote kubwa nchini, liwe Gikomba, Kongowea au Kibuye, na hutakosa kumsikia mchuuzi wa kipaza sauti. Maneno yake yamerekodiwa, yanajirudia bila kuchoka kuanzia asubuhi hadi jua litue: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Mbele yake ametandaza vipakiti vya unga, vichupa visivyo na kibandiko na chaki ya kuchora sakafuni. Wanunuzi huuliza bei. Sijamsikia hata mmoja akiuliza mbona kitu kinachoua kinaitwa dawa.

Swali hilo si la kipuuzi. Neno 'dawa' tulilitwaa kutoka kwa Kiarabu likiwa na maana ya kitu cha kutibu. 'Sumu' nalo lilitufikia kupitia mlango uo huo. Kwa hivyo haiwezekani kudai kuwa Kiswahili kilipungukiwa na msamiati. Maneno yote mawili yalikuwapo, na wasemaji wakachagua kwa hiari yao kuita unga wa kuulia mende dawa.

Tazama jinsi kihusishi cha -a unganifu kinavyofanya kazi. Dawa ya kuku humponya kuku, ilhali dawa ya panya humuua panya. Dawa ya ng'ombe humtibu ng'ombe, na dawa ya kupe humwangamiza kupe aliyeng'ang'ania ngozi ya ng'ombe yuyo huyo. Muundo ni mmoja, hatima ni mbili. Sarufi haitoi hukumu yoyote hapo. Msikilizaji hujiongoza mwenyewe kwa anachokijua kuhusu kuku na panya, na kuhusu ni yupi kati yao anayetakikana nyumbani.

Kiini cha neno hili katika Kiswahili, nionavyo mimi, si kuponya. Ni kuondoa kero. Ndiyo maana wahenga waliweza kusema dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni ni kulipa, na hakuna aliyewaza juu ya tembe wala sindano. Kero ikiwa ni homa, dawa huiondoa. Kero ikiwa ni kunguni, vilevile. Hadi hapo lugha haina kosa. Hata hivyo, jina moja likivishwa vitu vingi, vitu hivyo vinaweza kubadilishwa chini ya jina lile lile pasipo mwenye nyumba kutambua. Jambo hilo limetokea humu nchini katika muda wa miaka mia moja hivi, na mhusika wake mkuu ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano ambalo wengi wa vijana wetu hawajawahi kuliona: pareto.

Kabla ya pareto, watu hawakukaa tu wakiliwa na wadudu. Nyumba za udongo zilisiribwa upya kwa samadi na majivu ili nyufa walimojificha viroboto na papasi zizibwe. Papasi, kwa wasiomjua, ni kupe wa sakafuni anayetoka usiku kunyonya damu na ambaye huambukiza homa ya vipindi; misafara ya karne ya 19 iliyolala katika vibanda vya njiani ilimwogopa kuliko simba. Moshi wa jikoni ulipanda hadi darini ukakausha nafaka na kufukuza mbu. Vitanda vya kamba vilitolewa nje vikamwagiwa maji ya moto. Magodoro na mikeka ilianikwa juani. Kitenzi 'kufukiza' kilihusu ubani na udi wa harusini, lakini pia moshi mkali wa majani yaliyochomwa makusudi ili chumba kihamwe na kila kiumbe chenye miguu sita. Baadaye mwarobaini kutoka Bara Hindi ukaongezwa kwenye orodha hiyo. Njia hizi zote zilikuwa na sifa moja: aliyezitumia alijua anatumia nini. Majivu ni majivu.

Ua la pareto lenyewe lilitokea mbali. Katika milima ya Kaukazi na kaskazini mwa Uajemi kulikuwa na aina yenye maua mekundu ambayo wenyeji waliyakausha na kuyasaga, na unga wake ulifika Ulaya kwa jina la unga wa Uajemi. Wafanyabiashara walificha siri ya asili yake kwa miaka mingi. Mwaustria mmoja, Johann Zacherl, aliutoa Tiflis akauza Vienna katikati ya karne ya 19, na familia yake ikatajirika kiasi cha kujenga kiwanda chenye sura ya msikiti, kuba na vigae vya rangi, kusudi mnunuzi akumbuke Mashariki. Jengo hilo bado lipo. Kunguni wa Vienna walijenga msikiti usioswaliwa, bwana!

Aina nyingine, ile yenye maua meupe, ilimea kwenye miamba ya pwani ya Dalmatia, ambayo leo ni sehemu ya Croatia. Husimuliwa kisa cha mwanamke wa Dubrovnik aliyetupa shada la maua yaliyonyauka pembeni mwa chumba, na baada ya majuma kadhaa akakuta wadudu waliokufa wamelizunguka. Sina haja ya kukiamini kisa hicho, ila kinaeleza vizuri jinsi uvumbuzi wa aina hii unavyokumbukwa: mwanamke, chumba, ufagio. La hakika ni kwamba ua la Dalmatia lilikuwa na nguvu zaidi kuliko lile la Uajemi, na hadi Vita Vikuu vya Kwanza eneo hilo ndilo lililoulisha ulimwengu unga wa kuulia wadudu.

Jina nalo lilisafiri. Wagiriki wa kale walikuwa na neno 'pyrethron', lililotokana na 'pyr', yaani moto, wakiliitia mmea mwingine kabisa ambao mzizi wake huwasha ulimi. Wataalamu wa mimea wa Ulaya walilihamishia jina hilo kwenye ua letu, Waingereza wakaliita 'pyrethrum', nasi tukalikata, tukalainisha lile 'th' na kulitia irabu mwishoni: pareto. (Mwanafunzi wa uchumi asichanganyikiwe, Vilfredo Pareto, yule Mwitaliano wa hesabu za utajiri, hakuwahi kuchuma ua hili.) Nchini Rwanda, ambako zao hili lilipandwa katika nyanda za volkano za kaskazini, umbo la Kifaransa liligeuka 'ibireti'. Ni kana kwamba silabi ya kwanza ya neno la kigeni ilidhaniwa kuwa kiambishi cha ngeli, jambo ambalo Mswahili hawezi kulicheka kwani ndivyo 'kitabu' cha Mwarabu kilivyotuzalia 'vitabu'. Kwa hiyo dawa ya moto ni moto, na dawa ya kunguni, ukifuata nasaba ya neno, pia ni moto.

Kutoka Dalmatia mbegu zilifika Japani katika miaka ya 1880 mikononi mwa Eiichiro Ueyama, mwana wa familia ya wakulima wa machungwa. Huyu ndiye baba wa dawa ya mbu ya kuwasha. Mwaka 1890 alichanganya unga wa pareto na wanga akatengeneza vijiti vya kuchoma kama udi. Vijiti hivyo vilikuwa na dosari: vilikwisha upesi kabla ya mtu kupata usingizi wa pili. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa wazo mnamo 1895 kwamba kijiti kirefushwe kisha kizungushwe kama nyoka aliyejikunja, na baada ya majaribio ya miaka kadhaa koili ikaanza kuuzwa mwaka 1902. Kila jioni Kisumu, Malindi au Lodwar, mtu anapokipachika kikoili kwenye kile kibati chake na kukiwasha, anafuata ushauri wa Bi Yuki.

Vita vya 1914 vilipovuruga biashara ya Dalmatia, Japani ilichukua nafasi yake ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote. Liweke hilo akilini, msomaji, kwa sababu jambo kama hilo litatokea tena.

Hapa kwetu pareto ililetwa na walowezi mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilipenda nyanda za juu, kwa kuwa mmea huu hauchanui vyema pasipo usiku wenye baridi. Panda pareto Mombasa nawe utavuna majani. Panda Molo, Kinangop au Ol Kalou, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nawe utachuma maua sehemu kubwa ya mwaka. Isitoshe, ua lililokuzwa Kenya lilionekana kuwa na kemikali nyingi ya kuua wadudu kuliko lile la Japani. Kisha Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, na Marekani ikajikuta inapigana na nchi iliyokuwa ikiiuzia dawa ya mbu. Majeshi yalikuwa yakielekea visiwa vya Pasifiki na misitu ya Asia, kwenye malaria. Pareto ya Kenya ikawa zao la vita.

Ndipo ulipozaliwa mkebe wa kupuliza. Wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walitia dondoo ya pareto ndani ya chombo cha chuma pamoja na gesi iliyoshindiliwa, ikawa askari akifungua kifuniko, ukungu unajaa hemani na mbu wanaanguka. Waliongeza mafuta ya ufuta, kwa sababu yalikuwa yamegunduliwa kuizidishia pareto makali. Ndiyo, simsim hii hii ya vitafunio. Mikebe ya marashi, ya rangi na ya dawa ya mende iliyojaa madukani leo ni uzao wa ule wa vita.

Na nani alichuma? Mwaka 1942 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika walazimishwe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi yaliyohesabiwa kuwa muhimu kwa vita. Pareto haina mashine katika hali ya hewa yetu. Maua hayafunguki pamoja, kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye mstari ule ule kila baada ya wiki mbili hivi, akiteua yaliyoiva na kuyaacha machanga. Kazi hiyo ilifanywa kwa vidole, aghalabu vya wanawake na watoto. Mwafrika aliruhusiwa kuchuma ua la Mzungu, lakini kulipanda lake mwenyewe kulikuwa kwa kiasi kikubwa jambo lisiloruhusiwa hadi miaka ya 1950, wakati Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mazao ya biashara kwa wakulima weusi.

Kitu kilichomo ndani ya neno 'dawa' kilibadilika kwa mara ya kwanza mle mle vitani. Mwaka 1939, huko Basel, Uswisi, Paul Müller aligundua kuwa DDT inaua wadudu. Ilikuwa rahisi kutengeneza, bei yake ndogo, na ilidumu. Pareto humwangusha mdudu papo hapo, kisha jua huivunjavunja kwa saa chache. DDT hukaa ukutani miezi na miezi. Müller alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na wakulima wa pareto wakaona soko lao likididimia. Kwa mwenye nyumba, hata hivyo, hapakuwa na tofauti ya kusimulia. Jana alipuliziwa dawa, leo amepuliziwa dawa. Kwamba ya jana ilitoka kwenye ua na ikatoweka kabla ya chajio, na ya leo itakaa kwenye mafuta ya mwili wake na ya mamba wa mtoni kwa miaka, neno halikumwambia.

Mwaka 1962 Rachel Carson alichapisha kitabu chake 'Silent Spring' kuhusu madhara ya viuadudu, na miaka 10 baadaye Marekani ikapiga marufuku matumizi ya DDT mashambani. Pareto ikapata pumzi mpya. Wakati huo zao lilikuwa limeshaingia mikononi mwa wakulima wadogo wa Nyandarua, Nakuru, Kisii, Nyamira, Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Maua yalikaushwa, yakapelekwa kwa vyama vya ushirika na kuishia kwenye kiwanda cha Nakuru, ambako dondoo ilikamuliwa na kusafirishwa ng'ambo. Makapi yake yalilishwa mifugo au yakatiwa kwenye koili. Kwa miongo kadhaa Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya ulimwengu. Mahindi huleta pesa mara moja kwa mwaka. Pareto ilileta kila mwezi. Waulize wazee wa Kuresoi ni zao gani lililolipa karo. Nyumba za mabati zilizochukua mahali pa zile za nyasi katika sehemu hizo ziliezekwa kwa maua.

Badiliko la pili lilifanywa kwa ustadi zaidi, na ndilo linalotuhusu sisi tulio hai. Tangu miaka ya 1920 wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ružička walikuwa wameonyesha jinsi kemikali za pareto zilivyoundika. Ukishajua jinsi kitu kilivyoundika, utajaribu kukiiga. Mwigo wa kwanza ulipatikana Marekani mwaka 1949. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitoa permethrini, isiyoogopa jua. Nyingine zikafuata, kama vile deltamethrini. Majina yao yanajitambulisha: mkia ule wa '-thrini' ni kipande cha jina la ua. Ni sawa na mtoto aliyebeba jina la babu yake bila kuwahi kumwona.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Waigizaji hao wa pareto wameokoa maisha, na ushahidi uko hapa hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1990 uchunguzi mkubwa ulifanywa Kilifi kuhusu vyandarua vilivyotiwa permethrini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Tunaviita vyandarua vyenye dawa, na safari hii jina limestahiki kabisa.

Lakini mkulima wa Kinangop hakuwa sehemu ya hesabu hiyo. Kemikali ya kiwandani haihitaji usiku wa baridi wala vidole vya mchumaji. Hata hivyo, ushindani wa maabara pekee haukutosha kuiangusha Kenya, kwa sababu soko la pareto ya asili halikufa. Watengenezaji wa dawa za nyumbani Ulaya na Marekani waliendelea kuitafuta, tena kwa hamu, maana inaoza upesi na haimdhuru sana mwenye damu moto. (Samaki na nyuki inawaua, 'ya asili' si sawa na 'isiyodhuru'.) Wanunuzi walikuwapo. Kilichokosekana ni malipo kwa aliyepanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima walipeleka maua na kungoja. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Wapo waliokufa wakidai. Kwa kuwa sheria ilikuwa imempa mnunuzi mmoja ukiritimba wa zao zima, hapakuwa na dirisha la pili la kubishia hodi. Mkulima alikuwa na hiari moja tu, na aliitumia: aling'oa pareto akapanda viazi. Mapema miaka ya 1990 nchi ilivuna zaidi ya tani 15,000 za maua makavu kwa mwaka. Kufikia miaka ya 2010 mavuno yalikuwa ya tani mia chache.

Ile methali ya deni niliyoitaja hapo juu ilikuwa inajulikana na kila mtu aliyehusika. Haikutumika.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako majira ya baridi na joto yanatofautiana kiasi kwamba maua hufunguka kwa pamoja na mashine hupita shambani mara moja kwa mwaka. Angalia sasa mfuatano wa mambo. Dalmatia iliondolewa kileleni na vita vya dunia. Japani iliondolewa na vita vya dunia. Kenya iliondolewa na hundi ambayo haikuandikwa. Sijui historia ya zao jingine lolote ambamo uzembe wa amani ulilingana hivyo na mizinga.

Turudi nyumbani, kwa mchuuzi wetu na kipaza sauti chake. Anachouza leo kama dawa ya kunguni aghalabu ni moja ya hizo '-thrini', au ni kemikali nyingine kali zaidi iliyokusudiwa mashamba ikapunjwa kwenye vichupa. Ile ya shamba haifai kabisa kwenye kitanda anacholalia mtoto. Na ile ya '-thrini', kunguni wengi wameshaizoea. Kisa chake kinachekesha na kutisha pamoja. DDT na pareto, pamoja na waigizaji wake, hushambulia sehemu ile ile ya mishipa ya fahamu ya mdudu. Mdudu ambaye mababu zake walinusurika DDT anaweza kuwa tayari amerithi ngao dhidi ya permethrini kabla hajaionja. Kwetu dawa ni dawa. Kunguni, asiyejua Kiswahili, amezitofautisha.

Ndiyo maana watu wa ploti hulalamika kuwa wamepuliza mara tatu na kunguni wanarudi, wakadhani wameuziwa bandia. Huenda wameuziwa halisi. Kinachowashinda kunguni hawa ni kile kile walichokifanya bibi zetu: joto. Kwenye joto la nyuzi 50 za selsiasi au zaidi, kunguni na mayai yake hufa baada ya muda mfupi. Mashuka na nguo zichemshwe, mbao za kitanda zimwagiwe maji yanayotokota hadi kwenye maungio, nyufa za ukuta zizibwe, na kazi hiyo irudiwe baada ya wiki moja au mbili kwa ajili ya mayai yaliyoponea. Jua la kuanika godoro husaidia, ila godoro nene la siku hizi halipati joto hadi ndani kama mkeka ulivyolipata. Wapangaji wa jengo zima wafanye siku moja, la sivyo kunguni watatalii tu kutoka chumba namba 4 hadi namba 5.

Pia si kila kitembeacho sakafuni kinahitaji kupuliziwa. Neno 'mdudu' nalo ni pana mno katika Kiswahili. Wapo wale vijidudu vya kijivu, vyenye magamba mgongoni na miguu saba kila upande, vinavyoonekana nyuma ya beseni la bafuni au chini ya vyungu vya maua na ambavyo baadhi yao hujikunja vikawa mviringo kama tembe ukivigusa. Hao si wadudu hata kidogo. Ni jamaa za kaa na kamba waliohamia nchi kavu, wanaopumua kwa viungo vinavyotaka unyevu sikuzote. Hawaumi, hawabebi ugonjwa, wanakula majani na mbao zilizooza. Ukiwapulizia leo, wengine watakuja kesho kwa sababu bomba bado linavuja. Funga bomba, fungua dirisha, toa mbao chakavu, na watakufa kwa ukavu au watahama. Dawa ya hawa ni fundi wa mabomba.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za kuulia wadudu, iliyopitishwa mwaka 1982, inadai kila bidhaa ya namna hii isajiliwe na iwe na kibandiko. Mikebe ya madukani inavyo vibandiko hivyo, tena virefu. Ila vimeandikwa kwa Kiingereza chembamba nyuma ya mkebe, huku mbele, kwa herufi kubwa na picha ya mbu aliyepinduka miguu juu, pakiwa na Kiswahili cha maneno mawili matatu. Ningependa kuona mahali pale pa mbele palipotengewa neno 'dawa' pakiandikwa pia 'sumu', na chini yake jina la kemikali kwa Kiswahili: permethrini, deltamethrini, au, pale inapopatikana, pareto. Herufi ziwe za ukubwa ule ule wa mbu.

Mageuzi ya sheria za kilimo ya mwaka 2013 yaliondoa ule ukiritimba wa ununuzi, na kampuni binafsi zikapewa leseni. Kaunti za nyanda za juu zimekuwa zikigawa miche, na kuna mashamba ambayo yameanza tena kuwa meupe. Wazee wenye karatasi za zamani za kupimia maua hawakuzitupa. Afisa anayekuja kuwahamasisha warudie pareto anaulizwa, kabla ya mbegu na kabla ya mbolea, kama zile karatasi bado zina thamani.